YUYV inatoka VYUY kwenye dmesg (logi ya kerneli ya Linux): usigeuze baiti mwenyewe

Boss, ulivyosema, kamera inatuma YUYV (fomati ya picha, jina lake ni herufi nne) lakini draiva inaandika VYUY. Herufi nne za YUYV zimefungwa kwenye namba moja: 0x56595559. Herufi ya kwanza hukaa kwenye baiti ya chini kabisa. Wewe umeanza kuchapisha na >> 24, yaani kutoka mkiani. Mbaya zaidi, VYUY nayo ni fomati halali, kwa hiyo logi inakudanganya kwa utulivu.

Futa zile %c nne ulizotumia kuchapisha herufi moja moja, weka hii (ipo tangu kerneli 5.13):

dev_info(dev, "%p4cc\n", &fomati);

Itatoa: YUYV little-endian (0x56595559). Hiyo & ni lazima, maana inataka pointa ya u32 (namba ya biti 32); ukipitisha namba yenyewe, itasomwa kama anwani ya kumbukumbu.

Biti ya 31 ni alama ya mpangilio wa baiti kubwa mbele. %p4cc huiondoa kabla ya kuchapisha herufi. %c haiiondoi, na herufi ya nne inaharibika.

Kama thamani ni __le32 (namba ya biti 32, baiti ndogo mbele) kutoka kwenye bafa ya kifaa, pitisha le32_to_cpu() kwanza. Thamani uliyosoma kwenye rejista kwa readl() iache, imeshageuzwa. Bodi nyingi za ARM huendeshwa baiti ndogo mbele, kwa hiyo kosa la kusahau le32_to_cpu() hutaliona hapo.