Muulize Mtendaji Mstaafu: Kadi ninayo, mbona mtaani nilikosa kura?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama lishe, mpangaji hapa Dar es Salaam. Novemba 2024 nilikwenda kumchagua mwenyekiti wa mtaa na kadi yangu ileile niliyopigia kura 2020. Nikaambiwa jina halimo. Je, huyu mwenyekiti yupo hadi lini? Na mtendaji naye tunamchagua lini? Nimefuata barua ya utambulisho mara tatu, simkuti.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kadi yako haina kosa, ila uchaguzi ule si wake. Kadi ni ya kumchagua rais, mbunge na diwani wa kata, kwa siku moja. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake wana uchaguzi wao chini ya TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), na orodha yake ya wapiga kura huandikwa upya kila mara. Kwa ule wa 27 Novemba 2024, uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Siku kumi, basi.

Mwaka 2014 niliketi darasani kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu, nikiandikisha. Siku za mwanzo nilisinzia. Siku ya mwisho foleni ilizunguka hadi vyoo vya wavulana, na wengi walikuwa wapangaji. Sijui nani huwaambia kwamba mtaa ni wa wenye nyumba! Ukiwa mkazi na umefika miaka 18, ni wako.

Mwenyekiti na diwani wote hukaa miaka mitano, na wakishinda tena wanarudi. Hakuna ukomo wa vipindi. (Balozi wa nyumba kumi usimhesabu, huyo ni wa chama, ingawa nilimtuma sana kuwaita watu mkutanoni.)

Mtendaji hamumchagui. Ni mwajiriwa wa halmashauri, analipwa mshahara na anahamishwa. Mimi nimepita kata nne, na ningepigiwa kura, mbili zingeninyima mchana kweupe. Kwa hiyo anayekukimbia usimsubirie uchaguzi. Anza kwa mtendaji wa kata, ndiye mkubwa wake. Ikishindikana, andika kwa mkurugenzi. Au simama kwenye mkutano mkuu wa mtaa useme mbele ya watu: nimekuja Jumatatu, nimekuja Jumatano, nimekuja Ijumaa. Taja siku. Mtendaji mwenzangu mmoja alikuwa akitembea na mhuri wa ofisi kwenye mkoba, umefungwa ndani ya leso yenye madoa ya wino, watu wakimtafuta hadi msibani. Mama mmoja alisimama akataja siku zake nne. Kesho yake mhuri ulilala mezani.

Uchaguzi wa mtaa ujao ni 2029. Uandikishaji ukitangazwa, nenda siku ya kwanza asubuhi, kabla hujabandika sufuria ya wali.