Mlango Uliofungwa Mara Mbili

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza riwaya ya upelelezi saa tisa usiku, na badala ya kulala nikarudi ukurasa wa kwanza. Mwanamke ametoweka, na kisa kinasimuliwa kwa zamu na watu wanne: mumewe, dada yake, jirani na askari mpelelezi. Mume nilimpenda tangu sura ya kwanza, nikamtetea moyoni mpaka mwisho, kumbe ndiye! Tangu hapo kila kitabu nikishikacho nakiona chapwa. Je, mwandishi alinitendea haki? Mume alisema “mimi, mimi” kitabu kizima na jambo lenyewe hakuniambia. Na sasa nisome nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina la kitabu uliloniandikia pembeni nimelihifadhi, nisimharibie mwingine uhondo. Nilikitafuta, nikakisoma kwa siku mbili.

Ugonjwa wako naujua. Mimi ulinipata kwa The Moonstone ya Wilkie Collins, riwaya iliyotoka kipande kwa kipande kila wiki mwaka 1868, katika jarida la Charles Dickens. Almasi inapotea usiku, na baadaye kila shahidi anaombwa aandike yale tu aliyoyajua mwenyewe. Anatangulia Betteredge, mtumishi mzee mwenye huruma. Baadaye kalamu anaishika Bi. Clack, mcha Mungu wa kujionyesha, ambaye huficha vijitabu vya dini humu na humu ndani ya nyumba ya watu ili wavikute. Wote wawili wanamsimulia binti mmoja, Rachel. Rachel wa Betteredge nilimpenda, wa Bi. Clack akaniudhi, nikajikuta namsaka Rachel wa tatu ambaye hakuna kati yao aliyemwandika. Nadhani na wewe ulikuwa ukimsaka huyo mwanamke aliyetoweka namna hiyo hiyo, maana yeye peke yake ndiye hakupewa sura.

Kuhusu haki, fungua tena sura ya tatu. Jirani anasema usiku ule alisikia mlango ukifungwa mara mbili. Sura ya nne mume anasimulia usiku huo huo, naye anatoka mara moja tu. Mlango wa pili niliupita kama ulivyoupita wewe, kwa sababu jirani alikwisha kuonyeshwa kuwa mmbeya, nasi tukampuuza. Mwandishi aliuweka mbele ya macho yetu. Mume hakusema uongo katika sura ile, alinyamaza, na kunyamaza kwa msimulizi mmoja ni halali maadamu mwingine amepewa nafasi ya kusema. Ningelalamika pamoja nawe kama mhalifu angezuka sura ya mwisho, mtu ambaye hatujapata hata kusikia kikohozi chake. Riwaya za hivyo huwa nazifunga kwa hasira.

Sasa, usikimbilie kitabu kipya. Soma sura za mume peke yake, mfululizo, uziruke nyingine zote. Ukimsikiliza bila kukatizwa utaona jinsi sentensi zake zinavyofupika kila anapoukaribia usiku ule, na jinsi anavyorefusha mambo ya bustani, mabomba, hali ya hewa. Taharuki ya mara ya kwanza itakuwa imeondoka, lakini mimi mikono ilinitetemeka zaidi mara hii. Kisha soma za dada. Za askari unaweza kuziacha, zimeandikwa kwa haraka.

Ukishatoka humo, tafuta hadithi fupi ya Akutagawa wa Japani ya mwaka 1922, Yabu no Naka, yaani “Ndani ya Kichaka”. Imetafsiriwa katika lugha nyingi. Samurai amekutwa amekufa, na wanasema watu saba. Watatu kati yao wanadai tendo hilo: jambazi anasema alimuua, mke anasema yeye ndiye, na marehemu mwenyewe, kwa kinywa cha mwanamke anayepandisha mizimu, anasema alijichoma kisu. Hakuna msimulizi wa nane wa kuja kutuamulia. Niliposoma mara ya kwanza nilikasirika, nikadhani kurasa zimechanwa. Tangu hapo nimeirudia mara nyingi, na kila mara namwamini mtu tofauti. Mwaka huu namwamini mke.