Pedi ya gemu ya wayalesi inagoma kompyuta ikitoka slipu (sleep), usikimbilie kununua nyingine

Mkuu uliyeuliza, umesema pedi inapiga kazi fresh mpaka kompyuta ilale, ukiiamsha pedi inapepesa taa weee halafu inazima, na ukirestati inarudi kama kawaida. Hapo kwenye kurestati ndo pa kuanzia, maana pedi ingekuwa mbovu kurestati kompyuta kusingeisaidia kitu. Mimi hili nimeishi nalo muda kwenye laptopu yangu, so naomba kabla hujatoa hela nisikilize. Na wanaokwambia ufute pedi kwenye Bluetooth uiunganishe upya kila siku, hiyo ni kutuliza maumivu tu, ugonjwa upo palepale.

Iko hivi, kompyuta ikilala inapunguza umeme kwenye USB ili kutunza chaji, na Bluetooth ya laptopu nyingi nayo kule ndani imeunganishwa kwa USB ingawa huioni kwa nje. Sasa kompyuta ikiamka, skrini inawaka, kibodi inawaka, ila ile chipu ya Bluetooth (au risiva, kile kidude cha pedi cha kuchomeka kwenye USB, kama unatumia hicho) inabaki imezubaa, Windows inaona ipo lakini haijibu. Pedi inaita haipokelewi, ikichoka inajizima.

Ikigoma tena usirestati kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, piga enta, kitakuja kidirisha kidogo chenye orodha ya pedi. Jina la pedi yako likiwepo ingia Properties uminye vitufe vya pedi uone kama viduara vinawaka. Vikiwaka basi pedi na kompyuta ziko poa, shida ni gemu, maana kuna gemu kibao zinatafuta pedi pale zinapofunguka tu, ukiiacha wazi kompyuta ikalala ikiamka haina habari na pedi tena, funga gemu ufungue upya yaishe. Orodha ikiwa tupu nenda Device Manager (orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, ibofye kulia Start utaiona), chagua Bluetooth au hiyo risiva, Disable, subiri kidogo, Enable, halafu washa pedi. Ikishika hapo mwizi umeshamkamata. (Kama mausi yako nayo ni ya Bluetooth uwe na ya waya au tachipadi karibu, ukibonyeza Disable inaondoka nayo.)

Sasa dawa yenyewe. Hapohapo Device Manager fungua Properties za Bluetooth, tabu ya Power Management, toa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Rudia kwenye kila USB Root Hub (kitovu ambacho vifaa vya USB vinapitia) unayoiona, na hapa ndo wengi wanapaacha, wanatoa tiki kwenye Bluetooth tu wakati hub iliyoibeba bado inalazwa. Halafu nenda Power Options, setingi za ndani kabisa, zima USB selective suspend (inayoilaza USB isiyotumika), ya betri na ya umeme zote mbili. Laptopu mpya nyingi hizo setingi hazionekani kabisa, usihangaike kuzitafuta, weka draiva mpya (programu inayoiendesha) ya Bluetooth kutoka kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako, usingojee Windows ikuletee. Kwangu mimi kutoa tiki kulipunguza tatizo, draiva ndo ikalimaliza.

Na kama umejaribu kuzima na kuwasha badala ya kurestati ukaona haisaidii, hujakosea popote, ni Fast Startup hiyo. Ikiwa imewashwa, ukibonyeza Shut down Windows haizimi yote, inahifadhi sehemu ya mfumo pamoja na draiva zake na kuirudisha vilevile. Restati ndo inaanza upya kweli.

Ila kama pedi inashika halafu inakatakata au inachelewa kujibu, hiyo ni kesi nyingine, angalia kama risiva imechomekwa jirani na flashi au hadi diski ya nje ya USB 3.0. Intel walishaeleza tangu 2012 kwamba USB 3.0 inatoa kelele za mawimbi ya redio kwenye 2.4 GHz, na pedi nyingi za wayalesi zinaongea kwenye masafa hayohayo. Tumia waya wa kurefusha USB uisogeze risiva mbali kidogo, iwe inaonana na pedi.

Jaribu joy.cpl kwanza mkuu, halafu rudi useme orodha ilikuwa tupu au la, na unatumia Bluetooth au risiva, tuendelee kutoka hapo.