Shangazi, Wifi Amesema Nina Kisirani

"Shangazi, shikamoo. Nimeolewa mwaka jana na tunaishi kwa wakwe zangu. Miezi mitatu baada ya harusi mume wangu alipunguzwa kazini. Mwezi uliofuata mama mkwe akateleza, akavunjika mkono. Mimi na wifi tulikwaruzana kwa mambo ya jikoni, na tangu hapo nakaa zaidi chumbani. Juzi nilimsikia akimwambia mama, 'Huyu mke wa kaka ana kisirani.' Mama hakujibu. Silali. Kama kweli nimewaletea mkosi, si bora niondoke? Ni mimi, Mkosi."

Marahaba, mwanangu. Jina hilo ulilotia mwishoni nalikataa, nitakuita mwanangu tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wifi alisema kisirani. Neno mkosi umelileta wewe. Ukifungua kamusi utayakuta yamekaa jirani, pamoja na nuksi, nuhusi na ndege mbaya (ndege huyo si lazima awe na mabawa, ni dalili; ndiyo maana msafiri huombewa ndege njema). Lakini midomoni mwa watu kisirani kimeshahama nusu. Wako wanaomaanisha bahati mbaya hasa: siku ya kisirani ni ile unayojikwaa mlangoni asubuhi, ukakosa gari, ukarudi umepoteza funguo. Na wako wengi ambao wakisema fulani ana kisirani wanamaanisha ana ghubu, ananuna, ukimsalimia anaitikia nusu nusu.

Sasa jiweke mahali pa wifi. Mama yake mkono umevunjika. Wewe uko chumbani. Nani anapika? Nani anaosha vyombo? Unadhani alikuwa anasema habari ya nyota yako, au ya uso wako? Siwezi kuapa, maana sikuwepo, ila nikilazimishwa kuchagua nachagua uso.

Haya, tuseme nimekosea na alikusudia mkosi. Hapo ndipo neno lenyewe linapotisha. Bahati mbaya mtu huipata, ikapita. Ukimkanyaga mwenzio unasema "samahani, ni kwa bahati mbaya", yaani hukukusudia, na yeye hana kinyongo. Hujasikia mtu akisema "nimekukanyaga kwa mkosi". Mkosi hautulii mpaka utafutiwe mwenyewe. Kwanza watasema mkosi umeingia nyumbani, kisha fulani ana mkosi, na mwisho mtu mzima anachukua kalamu na kuandika "ni mimi, Mkosi". Kutoka kupata, mpaka kuwa na, mpaka kuwa! Hatua ya mwisho hukusukumwa na wifi, umeipiga mwenyewe.

Na hesabu yenyewe haikai. Mumeo alipunguzwa peke yake, au na wenzake? Kama ni na wenzake, wake zao wote wana mkosi? Mwajiri alipopanga majina aliuliza nani kaoa juzi? Mama aliteleza kwa sababu sakafu ilikuwa na maji au kiatu kilikuwa kimelika, jambo ambalo lingemkuta hata kama mwanawe angebaki kapera. Hata wale wanaomsifu bi harusi kwamba "ana mguu mzuri" kwa kuwa mambo yamewanyookea, mimi siwapendi. Mguu unaosifiwa leo ndio utakaolaumiwa kesho biashara ikiyumba.

Usiondoke. Mwambie mumeo usiku huu maneno uliyoyasikia, yale yale, bila tafsiri yako. Usimtume akagombane. Kesho amka mapema, ingia jikoni, mwandalie mama chai na umsaidie kazi zinazotaka mikono miwili. Wifi akija, msalimie wewe kwanza. Mkishakuwa wawili tu mwambie: "Wifi, nilikusikia juzi. Kisirani kipi ulichosema, cha kununa au cha mkosi?"

Akisema cha kununa, omba radhi kwa kule kujifungia chumbani, na yeye umdai radhi kwa kukusema nyuma ya mlango. Akisema cha mkosi, usibishane naye hapo. Niandikie tena, na safari hiyo nataka mumeo naye aisome barua kabla hujaituma.