Kutwa naanika dagaa: hayo si mazoezi tosha?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nina miaka 44, naanika na kuuza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwaka jana hospitali walinipima wakaniambia nina baridi yabisi, nikaanzishiwa methotreksati. Nikiamka vidole vimekaza zaidi ya saa nzima, hata kufunga kanga ni shida. Nimeambiwa nifanye mazoezi. Mama mkwe anasema viungo vibovu vikitumika vinalika, nipumzike. Na mimi najiuliza: kutwa nainama, nainuka, nabeba ndoo. Hayo si mazoezi tayari? (Mama Z., Kibirizi)

JIBU: Marahaba, Mama Z., na pole sana. Hapana, kazi hiyo si mazoezi, ingawa inachosha kuliko mazoezi. Kutwa vidole vyako vimekunjwa nusu, vimeng'ang'ania ukingo wa beseni. Havifungwi vikagusa kiganja, wala havinyooshwi vikanyooka kabisa. Kiungo kisichofikishwa mwisho wake hupoteza mwisho huo pole pole, kano zikajikunja, msuli ukasinyaa. Isitoshe, dagaa huanikwa asubuhi, saa ambayo viungo vyako ni vibaya kuliko saa zote.

Mama mkwe hakosei kukuonea huruma, na zamani hata madaktari waliwalaza kitandani wagonjwa wa baridi yabisi. Lakini kinachokula gegedu na mfupa ni utando wa ndani ya kiungo, unaovimba kwa kuwa kinga ya mwili inaushambulia kimakosa. Dawa ndiyo inayotuliza vita hiyo. Mazoezi yanalinda nguvu na mnyumbuko wa kiungo. Kwa hiyo usiache dawa ukidhani mazoezi yanatosha. Na kumbuka, methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile. Kuimeza kila siku ni hatari kwa maisha. Kuhusu mikono hasa, utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2015 uliwafuata wagonjwa 490: walioongezewa mazoezi ya kunyoosha na kutia nguvu mikono juu ya matibabu yao walikuwa wanaitumia vizuri zaidi baada ya mwaka kuliko wenzao, na maumivu hayakuongezeka.

Ukiamka, usikimbilie kazi. Tumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto, dakika 10. Humo humo majini anza: nyoosha vidole vyote, kunja ncha tu viwe kama ndoano, rudi, nyoosha, kisha funga ngumi kamili, taratibu, bila kukamua. Mara 5 kwa kila mkono, ukiongeza hadi 10 wiki zikienda.

Ukitoka majini, laza kiganja mezani. Anza na kidole cha shahada: kisogeze kuelekea kidole gumba, kisha cha kati kikifuate, cha pete, na cha mwisho. Zoezi hili linaonekana dogo mno, na watu huliruka. Usiliruke. Baridi yabisi huvilaza vidole upande wa kidole cha mwisho, na kila unapokamua nguo au kufungua kifuniko kwa kuzungusha, unavisukuma huko huko. Nguo iviringishe kwenye bomba uikamue kwa kuivuta na mikono yote miwili. Kifuniko ukisukume kwa kiganja. Mpini wa mwiko wa ugali uzungushie kitambaa uwe mnene, vidole visilazimike kukaza sana.

Nguvu ni siku 3 kwa wiki, kukiwa na siku ya kupumzika katikati. Pasua tyubu kuukuu ya baiskeli upate ukanda mwembamba, maana tyubu nzima ni ngumu mno kwa kuanzia. Kaa, laza mkono mezani, kiganja kikining'inia ukingoni na kimetazama chini. Kanyaga ncha moja ya ukanda, nyingine izungushe kiganjani. Inua kiganja, kisha kishushe ukihesabu hadi 5. Kule kushusha polepole ndiko kunakojenga, lakini ndiko watu wanakokuharakisha. Fanya mara 8. Ukifika 12 bila taabu, ongeza unene wa ukanda. Miguu nayo: inuka na kuketi kwenye kiti cha kawaida mara 8 bila kujisukuma kwa mikono. Kigoda ni kifupi, kitakuumiza magoti.

Kutembea ni kwa ajili ya moyo, maana baridi yabisi huongeza hatari ya magonjwa ya moyo. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, na unaweza kuzikata kumi kumi. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Usitembee kwenye mchanga laini wala kwa kandambili nyembamba. Vaa raba zenye soli nene. Kuogelea kunafaa sana kwa viungo, ila penye majani na konokono ziwani pana kichocho.

Kipimo chako kiwe hiki: maumivu yakiwa makali kuliko kabla ya zoezi, na yakadumu zaidi ya saa 2, ulizidisha. Kesho punguza nusu, usiache. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, weka ukanda pembeni. Kipeleke mwisho wake taratibu mara moja au mbili kwa siku, basi.

Na kama unaanika chini mchangani, tafuta chanja kinachofika kiunoni. Ndoo ya lita 20 igawe mara mbili.

SWALI: Mama yangu ana miaka 61, ana baridi yabisi kwa miaka mingi. Siku hizi shingo inamuuma, na akiinama mikono inakufa ganzi. Azungushe shingo kama mazoezi? (Kijana wa Ipuli, Tabora)

JIBU: Asiizungushe, na asibebe tena maji kichwani. Ugonjwa huu unaweza kulegeza kano zinazoshikilia pingili mbili za juu kabisa za shingo, pingili ikateleza na kubana uti wa mgongo. Mpelekeni hospitali wiki hii, mwombe apigwe picha ya shingo akiwa ameinama na akiwa amenyoosha. Miguu ikilegea, au akishindwa kuzuia mkojo, mpelekeni saa hiyo hiyo. Na akihitaji upasuaji wowote, mtaalamu wa usingizi aambiwe mapema kuhusu shingo hiyo, kwa sababu hupindwa nyuma wakati wa kuingiza mpira wa hewa.