Barua kwa mwanangu: kahawa ya baba yako na ndizi zangu

Mwanangu, wewe uliyebeba jina la baba yangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Mara ya kwanza bila miwani nikadhani unataka kuuza ng'ombe, nikashtuka. Nilipovaa miwani nikaona ni kahawa. Unauliza kama ung'oe ile iliyobaki nyuma ya nyumba upande parachichi za kisasa, hizo za Hass, maana kaka yako amekuwa mkali kwenye simu. Anasema kahawa ile ndiyo iliyowasomesha, na atakayeing'oa amemtukana baba yenu kaburini.

Nitakujibu. Ila tuanze na hayo maneno ya kaka yako, maana yamenikaa kooni.

Ndizi ndizo zilizowasomesha. Nilikuwa nasema hivyo hata baba yako akiwa hai, naye alikuwa anacheka na kuomba chai. Desturi yetu Wachaga unaijua: kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Lakini kazi ya kahawa haikuulizana nani baba nani mama. Nani alipogoa? Nani alichuma zile nyekundu moja moja, akazungusha mashine ya kumenya mpaka usiku, akaosha, akaanika, akakimbia kufunika wingu likitanda? Baba yako alipiga dawa, hilo nampa. Mashati yake yote yalikuwa ya bluu kwa mrututu. Siku zilizobaki alikuwa kwenye gari la tajiri wake huko Arusha.

Mwaka kaka yako aliochaguliwa kidato cha kwanza ulikuwa 1990, na wewe ulikuwa bado mgongoni. Mwaka mmoja nyuma, 1989, nchi zinazouza kahawa na zinazonunua zilishindwa kuelewana, mgawo uliokuwa unashikilia bei ukafutwa, bei ikaporomoka dunia nzima. Redio ilisema. Sisi hatukuelewa maana yake mpaka tulipoona pesa za malipo. Na barua ya shule ilikuwa mezani: ada, godoro, sanduku la bati, ndoo, kwanja, shuka mbili.

Niliposikia malipo ya pili yametoka, nikachukua kitabu cha baba yako cha uanachama wa ushirika wa kahawa nikaenda kupanga foleni. Karani alikuwa kijana ambaye mama yake nilikuwa nakata naye majani ya ng'ombe kule tambarare, tunapanda na mizigo kichwani jua likichoma. Alifungua kitabu, akatazama jina, akanitazama mimi. "Mwenye kahawa yuko wapi?" Nikamwambia yuko kazini Arusha. "Basi mwenye kahawa akirudi, aje." Nikamwambia, kijana, gunia hili lililetwa na nani hapa? Hakujibu. Ndipo mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mama, kahawa haivai khanga." Foleni nzima ikacheka.

Mzee huyo alishafariki. Msibani kwake nilikwenda, nikapika na kuosha vyombo. Lakini kicheko kile bado ninacho.

Nilirudi nyumbani nikachukua panga. Nikakata mikungu ya mshare, ndizi zetu za kupika, iliyokomaa, na mingine ambayo kwa haki ilihitaji wiki mbili zaidi. Alfajiri mimi na shangazi yako tulikuwa soko la Mwika na ngata zetu, kabla lori la wachuuzi wa Dar es Salaam halijafika. Mchuuzi mmoja akabonyeza bonyeza, akasema hizi changa. Nikamwambia changa ni wewe, hujui mshare wa juu. Aliduwaa, kisha akacheka mpaka kofia ikadondoka. Akachukua yote, na kwa bei niliyotaja! Shangazi yako anasimulia hadi leo, kila mwaka anaongeza chumvi, na mimi simkatazi. Sanduku la bati nililonunua siku ile ndilo unalowekea spana zako. Utazame chini, jina la kaka yako bado lipo.

Sasa njoo kwenye sherehe ya kaka yako alipomaliza chuo. Baba yako amesimama na kata ya mbege mkononi, ukoo wote umekaa. Akanyoosha mkono nyuma ya nyumba: "Kahawa ile mnayoiona imetoa mhandisi." Vigelegele. Mimi nimeshika mwiko wa mtori. Unakumbuka ulikuja kuniuliza mbona sipigi kigelegele? Nilikwambia moshi umeniingia machoni.

Nimwite baba yako mwongo? Hakuwa mwongo. Aliporudi alipokea malipo yale na kulipa ada ya muhula uliofuata, hakuimalizia kwenye mbege kama wengine tunaowajua. Na msimu wa pili alikwenda mwenyewe kwa yule karani akaandikisha jina langu, ili niweze kupokea akiwa safarini. Hakunitamkia neno, karani ndiye aliyeniambia, bila kuinua macho. Kwa hiyo kahawa nayo ililipa. Nusu? Hapana, nusu haikufika. Na ile miaka ya dada yako, chule buni, ule ugonjwa wa kahawa, ilikausha punje zikiwa bado kijani, hata pesa ya mrututu haikurudi. Dada yako kasoma kwa ndizi tupu na maziwa. Yeye hajawahi kunibishia.

Huko Arusha mnaitwa Mangi, mtu anadhani kila Mchaga alizaliwa juu ya kaunta ya duka. Umaskini wa mlimani ulikuwa na kijani kingi, mwanangu. Mgeni alipita akaona migomba, mfongo wa maji ya shamba unatiririka, mringaringa mkubwa wa kivuli, akasema hawa wana neema. Ndani hakuna sabuni wala mafuta ya taa. Tulishiba mtori na kiburu, hilo kweli, lakini shibe hailipi ada. Na ardhi ikawa inakatwa kila kizazi: babu yako akawagawia wanawe, kila mmoja akapata kipande, na baba yako hapo pa kwake akabaki na hicho unachokijua, ambacho kwa desturi ni chako kwa kuwa wewe ndiye kitindamimba.

Kwa desturi, nimesema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na migomba ile ndiyo iliyomlipia dada yako ada. Umemuuliza? Kwenye ujumbe wako sikumwona.

Parachichi tunalo toka zamani, pale karibu na zizi, na nguruwe wa jirani ndio wanaolifaidi. La kisasa sijalikataa. Jirani wa bondeni amepanda, nasikia amelipwa vizuri. Lakini nimelitazama shamba lake: jua linapiga mpaka ardhini. Wewe umeniandikia kahawa tu. Bwana shamba akija atakwambia miti hiyo inataka mwanga, ondoa kivuli, na kivuli chenyewe ni migomba yangu. Tena parachichi hizo zinakunywa maji. Mfongo wetu sasa maji yanakuja kwa zamu, na zamu yetu ni usiku. Atakayeamka ni nani, wewe uliye Arusha au mimi na fimbo yangu? Kahawa angalau ilikubali kukaa chini ya mgomba na mgomba chini ya mruka, mti mrefu wa kivuli. Kule Shimbwe Juu, Uru, FAO, shirika la kilimo la Umoja wa Mataifa, wamekiandika kihamba cha namna hiyo, shamba la mseto la kuzunguka nyumba, kwenye urithi wa kilimo wa dunia tangu 2011, na sisi tunataka kufyeka.

Unaona, nimeshaanza kuamua. Siamui. Kihamba ni chenu, mimi nalinda tu. Kaka yako akisema baba ametukanwa, mwambie aje yeye apogoe. Nawe ukisema kahawa haina faida, ni miti ya babu yako ile, imezeeka, ungezeeka nawe usingezaa.

Jumamosi ukija, toka mapema, uchepuke Lyamungo kabla hujafika Moshi. Pale TaCRI, kituo cha utafiti wa kahawa, wana miche ya kahawa isiyoshikwa na chule buni wala kutu ya majani. Sisemi upande. Uulize bei. Na umpitie dada yako umbebe, mje pamoja.

Mama yako