Muulize Mpiga Picha: Simu Ipi, Kamera Ipi?

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu, Vihiga na Bungoma, na zote zinauliza jambo moja: ninunue nini? Kila anayeingia studioni kwangu na swali hilo, nami humuuliza langu kwanza: picha zako zinaishia wapi? Kwenye simu ya mteja, ukutani, gazetini, au ndani ya albamu ya familia? Akishanijibu, nusu ya kazi imekwisha.

*Dada, mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru. Nashona vitenge na sare za shule, na wateja wengi siku hizi wananiagiza kwa WhatsApp. Picha zangu hazivutii: nyekundu inatoka kama rangi ya chungwa, na urembo wa shingoni hauonekani. Nimeweka akiba ya shilingi 25,000. Mwanangu anasisitiza ninunue simu ya megapikseli 108. Nimsikilize? Fundi wa vitenge, Nakuru.*

Dada fundi, mwanao anakutakia mema, lakini hiyo 108 isikutoe pesa mfukoni peke yake. Tupige hesabu. Picha ya inchi 6 kwa 4, ile ya kuweka kwenye albamu, ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi inahitaji nukta 1,800 kwa 1,200. Hiyo ni megapikseli 2 na kidogo, maana megapikseli moja ni nukta milioni moja. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji karibu 9. Tena wateja wako hawachapi chochote. Wanatazama kwenye kioo cha simu, baada ya WhatsApp kuiminya picha ipite haraka. Simu ya 108 yenyewe, usipoingia kwenye mipangilio, kwa kawaida huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Ile ya 50 huunganisha nne, nayo inakupa 12 na nusu. Umeona? Mnafika palepale.

Usibabaishwe pia na macho matatu au manne mgongoni mwa simu. Kwenye simu za bei yako, mara nyingi kamera ya kazi ni moja tu, na zile za megapikseli 2 zimewekwa ili kujaza nafasi.

Kabla hujanunua, itazame simu uliyo nayo. Mwaka jana alikuja studioni fundi mwenzako akitaka nimtafutie mnunuzi wa simu yake, eti kamera imeingia ukungu. Nikaigeuza kuelekea dirishani. Katikati ya lenzi palikuwa na alama ya kidole, mafuta ya cherehani, na juu ya mafuta yale chaki ya kuchorea nguo ilikuwa imeganda kama unga juu ya sufuria. Nikapuliza kwanza chaki itoke, maana ukiisugua inakwaruza. Kisha nikaipa lenzi pumzi kidogo na kuifuta taratibu kwa kipande cha fulana ya pamba iliyofuliwa hadi ikalainika. Tukapiga picha pindo la gauni alilokuwa amevaa. Nyuzi ungeweza kuzihesabu. Simu hakuiuza.

Kuhusu ile nyekundu, nadhani kosa liko kwenye taa. Balbu ya kibandani inatoa mwanga wa manjano, mlangoni unaingia mwanga wa nje wenye ubuluu, na simu haijui ifuate upi. Zima balbu. Saa tatu asubuhi tundika gauni ndani kidogo ya mlango, jua lisiligonge moja kwa moja, wewe usimame mgongo ukielekea nje bila kulitia kivuli. Gusa kitenge kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga.

Ukiona bado unahitaji simu mpya, nenda dukani na kitenge chako chekundu chenye nakshi ndogondogo. Omba simu tatu zilizo ndani ya bei yako, zipigie picha kitambaa hicho mlangoni mwa duka, kisha zikuze picha uzilinganishe na kitambaa kilicho mkononi. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Nafasi ya ndani iwe angalau GB 128, maana picha za wateja zitajaa. Na kabla ya kutoa pesa bonyeza *#06#, ulinganishe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itakayotokea na iliyoandikwa kwenye boksi. Tunaokumbuka mwisho wa Septemba 2012, simu bandia zilipozimwa nchini kote, tunajua kwa nini. Ukipata inayokufaa kwa 18,000, nunua hiyo, na zinazobaki ununue sanamu ya kuvalisha nguo. Gauni lililojaa kifua na mabega linauzika kuliko lililoning'inia kwenye msumari.

*Mimi ni kijana wa Dunga, Kisumu. Ninatembeza wageni kwa mashua kutazama ndege kwenye mafunjo. Nataka kupiga picha za ndege nitangaze kazi yangu, na baadaye nichape kalenda. Simu yangu inadai kuwa na zumu ya mara 10, lakini ndege anatoka kama doa. Nina 60,000. Ninunue simu kubwa au kamera? Nahodha, Dunga.*

Nahodha, barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Ukanda wenu wa mafunjo una ndege ambao watu huvuka bahari kuja kuwaona, na wa kwanza kwangu ni yule mweusi mgongoni, mwekundu tumboni, mwenye utosi wa manjano, ambaye wataalamu humwita Laniarius mufumbiri. Haishi popote ila kwenye mafunjo. Anastahili picha iliyo bora kuliko doa.

Nunua kamera. Zumu ya simu yako, kama ni ya kidijitali, haimsogezi ndege hata kidogo. Inakata katikati ya picha na kuivuta ikubali kuwa kubwa. Kinachomsogeza ndege ni lenzi ndefu ya kweli, yenye vioo vinavyosogea.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kamera yenye lenzi isiyobandulika, kama Nikon Coolpix P900 iliyotoka 2015, ambayo lenzi yake inafika sawa na milimita 2,000; kadiri milimita zinavyokuwa nyingi, ndivyo lenzi inavyomsogeza ndege zaidi. Utampata furukombe aliye mbali kabisa juu ya mti. Ila kihisi chake, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kina upana wa milimita 6 hivi tu, karibu sawa na cha simu. Mchana wa jua kinatosha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndani ya mafunjo, ndipo ndege wako anapoimba na ndipo kihisi hicho kinapoanza kutoa picha yenye chengachenga.

Ya pili, na ndiyo ninayokushauri, ni kamera ya kubadilisha lenzi ya mtumba. Tafuta mfano wa Canon EOS 700D ya 2013, pamoja na lenzi yake ya milimita 55 hadi 250. Kihisi chake kina upana wa milimita 22, hivyo eneo linalopokea mwanga ni zaidi ya mara kumi ya lile la kamera ya kwanza. Kwenye kamera hiyo, milimita 250 zinaona kama 400. Hutamfikia furukombe wa mbali, lakini wewe una mashua, na mashua inasogea. Megapikseli zake ni 18. Ukurasa wa kalenda wa A4 unahitaji 9, kwa hiyo unaweza kukata nusu ya picha na bado ukachapa vizuri.

Ukiwa majini, zima injini mapema umkaribie ndege kwa kasia, kwa sababu mtetemo wa injini unapita kwenye ubao, kwenye kiti, mpaka mikononi mwako. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde kwa ndege anayeruka. Kwa mdiria aliyetulia juu ya unyasi, 1/500 inaweza kutosha mashua ikiwa imetulia. Lenzi ndefu usiibandue ukiwa ziwani; ibaki hapohapo tangu nyumbani. Hapa kwetu Nakuru tunaogopa vumbi, na wengi hulihusisha hata jina la mji na neno la Kimaasai la vumbi. Huko kwenu adui ni unyevu.

Juu ya unyevu nina machungu yangu. Mwaka 2014 nilinunua lenzi ya milimita 50 kwa muuzaji mmoja wa vifaa vya mtumba. Nje iling'aa kama mpya. Nikaenda nayo kupiga picha kwaya iliyokuwa ikiimba mbele ya dirisha kubwa, na kila picha ikatoka na weupe kama moshi. Nyumbani nikalifungua tundu la lenzi hadi mwisho, nikamulika tochi kutoka nyuma. Ndani ya kioo cha pili palikuwa na nyuzi nyembamba zilizotambaa kama utando wa buibui. Ukungu. Ulikuwa umekula dawa iliyopakwa juu ya kioo, na fundi aliusafisha lakini alama haikutoka. Kwaya ile nilirudi kuipiga upya bila malipo, na kiongozi wao alinivumilia, Mungu ambariki.

Kwa hiyo nenda na tochi ndogo. Mulika lenzi kutoka nyuma, itazame kwa pembeni, polepole. Nenda na memori kadi yako pia. Piga anga tupu ukiwa umeweka tundu la lenzi liwe dogo, f/16, kisha kuza picha: madoa meusi yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni uchafu kwenye kihisi. Vumbi linasafishwa, mkwaruzo hausafishwi, na kama muuzaji hakuruhusu fundi aangalie, ondoka. Bonyeza kila kitufe. Fungua kifuniko cha betri uone kama kuna kutu ya kijani.

Ukifika nayo nyumbani, usiilaze kwenye begi lake la ngozi. Ngozi hushika unyevu. Iweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Waombe wauza viatu, wengi huvitupa. Mashuani, mfuko usiopitisha maji ni lazima, hata siku ziwa limelala. Nitumie picha ya kwanza ya huyo mwenye utosi wa manjano.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, Vihiga. Nina picha za zamani za marehemu mke wangu na za wazazi, zimeanza kupauka. Wajukuu walio ng'ambo wanaziomba. Macho yangu si mazuri. Je, ninunue mashine ya kuskani au simu? Mwalimu.*

Mwalimu wangu, pole kwa kumpoteza Mama. Mashine haihitajiki, simu ya bei ya wastani inatosha, mradi kamera yake kuu ilenge yenyewe vitu vya karibu na kioo kiwe kikubwa. Mwombe kijana akuongezee ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio hapohapo dukani, na ujaribu kusoma ujumbe mmoja kabla ya kulipa.

Siku ya mawingu, weka meza barazani, laza picha juu ya kitambaa cheusi, simu iwe juu yake sambamba, bila flashi. Flashi huacha doa jeupe usoni mwa mtu. Kama picha imenata kwenye kioo cha fremu, usiibandue, ipige ikiwa humohumo, ukijisogeza hadi mng'ao uondoke. Geuza na nyuma upige: mara nyingi kuna tarehe na mwandiko, na wajukuu watautaka mwandiko kuliko unavyodhani. Watumie kama faili, WhatsApp isiziminye, nakala nyingine iwe kwenye simu ya mwanao. Na zile za karatasi, Mwalimu, usizitupe hata zikipauka kabisa.

*Naendesha boda Bungoma. Kuna simu nimeipenda ina kamera safi, taslimu ni 17,500. Nikilipa mdogo mdogo natoa kianzio 2,500 halafu 85 kwa siku, mwaka mzima. Si ni nafuu? Mtu wa boda.*

Ndugu yangu, 85 mara siku 365 ni 31,025. Ongeza kianzio, umefika 33,525. Umelipa simu moja karibu mara mbili, na ukikwama wiki moja kwa mvua au polisi, simu hizi nyingi hufungwa hadi ulipe. Silaumu anayechukua mkopo kwa sababu kazi imemkwamia, lakini wewe simu ya kupigia wateja unayo tayari. Hizo 2,500 za kianzio zitenge kando. Kisha kila siku ukiweka 85 zilezile kwenye chama au akaunti usiyoigusa, baada ya miezi sita hivi unaingia dukani na 17,500 taslimu, na aliye na taslimu huweza kuomba apunguziwe.

Nikuonye na lingine, maana limewapata wateja wangu wawili wa boda. Usiifunge simu yenye kamera nzuri kwenye usukani. Kamera nyingi nzuri za simu zina lenzi inayoelea ndani ili kutuliza mkono unaotetemeka, na mtetemo wa injini ya pikipiki huweza kuiharibu sehemu hiyo. Apple yenyewe ilitoa tahadhari hiyo kwa simu zake mwaka 2021. Utaona picha inacheza kama iko majini, haitulii, na kubadilisha kamera si rahisi wala si bei ndogo. Kwenye usukani weka ile ya zamani. Mpya ikae mfuko wa ndani wa koti, upande wa kifua, na uitoe ukiwa umesimama.